Vivuko na magati ni kazi ya kaunti: madiwani wa Lamu watunge sheria na watenge fedha

Mhariri,

Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, nambari 5, zimetajwa kazi za uchukuzi zilizopewa kaunti: barabara za kaunti, taa za barabarani, magari na maegesho, usafiri wa umma wa barabarani. Ya mwisho katika orodha hiyo ni vivuko na bandari, isipokuwa mambo ya meli za kimataifa na za kitaifa. Kwa kaunti nyingi za Kenya maneno hayo ya mwisho ni wino tu. Kwa Lamu ndiyo ya kwanza. Mgonjwa wa Faza anayeletwa hospitali ya Amu (mji wa Lamu), mfanyakazi anayevuka kwenda Mokowe, bara, kila asubuhi, mwalimu aliyepangiwa Ndau, mchuuzi wa samaki wa Kizingitini, wote barabara yao ni maji.

Sisi ni wakazi wa Amu, Pate na Mokowe tuliojikusanya kufuatilia usalama wa wasafiri wa baharini. Tunaandika kuwaomba madiwani wa wadi zote 10, pamoja na wabunge wetu na seneta, watekeleze jambo moja: Lamu iwe na sheria yake ya magati na abiria wa baharini, na sheria hiyo iwekewe fedha katika bajeti inayofuata. Mengine yote tunayoyataja hapa yamo ndani ya ombi hilo.

Boti ikizama, watu husema ni kudra. Kudra hatuikani. Lakini Mtume (SAW) alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Kivuko cha Mtongwe kilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 kufa, na MV Spice Islander ilipozama Septemba 10, 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi, na kujaza huko kulionekana gatini kabla kamba hazijafunguliwa. Ajali nyingi za abiria huanzia nchi kavu. Ndiyo sababu sheria ya kaunti, ambayo mamlaka yake ni gatini, inaweza kuokoa watu.

Hebu tuanze na uzito, maana hapa ndipo watu hudanganyika. Chukua boti ya kawaida ya abiria, urefu mita 9, upana mita 2.2. Eneo lake la usawa wa maji ni kama mita mraba 14, kwa hiyo kila kilo 140 hivi unazoongeza huishusha sentimita moja. Pandisha abiria 10 zaidi ya kiwango, kila mmoja kilo 75, boti imeshuka sentimita 5. Tia na mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, imeshuka 7 nyingine. Kama ubavu wake ulisimama sentimita 40 juu ya maji, sasa umebaki 28. Mbele ya mji wa Amu, maji yakiwa shwari, hakuna atakayeona tofauti. Nje ya kisiwa cha Manda msimu wa upepo wa kusi, wimbi ambalo lingegonga ubavu likapita sasa huingia ndani. Na maji yakishaingia ngamani, chini ndani ya boti, hayatulii: boti ikilala upande, nayo hukimbilia upande ule ule na kuuzidisha ulalo. Lita 200 ni kilo 200 zinazotembea. Hapo abiria husimama kwa hofu, wote wakaegemea upande mmoja, na mizigo iliyopangwa juu ya paa ikamalizia.

Dawa yake ni rahisi. Kila boti ya abiria iwe na alama ya mzigo kwenye ubavu, kulia na kushoto, katikati ya chombo. Alama hiyo hupatikana hivi: boti hupelekwa penye maji yaliyotulia ikiwa na injini yake na mafuta yake, kisha hupakiwa uzito wa abiria walioandikwa kwenye leseni. Mitungi ya maji ya lita 20 yatosha, kila mmoja ukihesabiwa kilo 20. Kwa abiria 20 wa kilo 75 ni mitungi 75, na mizigo yao uiongezee mitungi 10 au 15. Pale maji yanapofika ndipo panapotiwa alama. Isiwe ya rangi peke yake, kwa sababu boti ikipandishwa pwani kukalafatiwa (kuzibwa nyufa) na kupakwa rangi upya, alama ya rangi huweza kupanda sentimita chache bila mtu kujua. Ichongwe kwa patasi kwenye mbao, au ibanwe kwa kibati na misumari ya shaba. Karani wa gati hahitaji mizani wala digrii: alama ikiwa chini ya maji, boti haitoki. Ijulikane pia kwamba mitungi hukaa chini na watu hukaa juu, kwa hiyo alama hupima kina cha chombo peke yake. Haimruhusu mtu yeyote kupakia magunia juu ya paa. Sheria ilikataze hilo kwa maneno yake yenyewe.

Kukagua ubora wa chombo na vyeti vya manahodha ni kazi ya Halmashauri ya Usafiri wa Majini (KMA), na kaunti isijaribu kuirudia. Ulinzi na uokoaji una Walinzi wa Pwani, walioundwa kwa sheria ya 2018, na kituo cha kuratibu uokoaji kiko Mombasa. Bandari kubwa ina Mamlaka ya Bandari (KPA). Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini shida yetu ni kwamba pale gatini, dakika kumi kabla ya boti kuondoka, hakuna nahodha hata mmoja kati ya taasisi hizo. Pengo hilo ndilo la kaunti.

Sasa Mkanda. Msomaji asiyeijua njia hii ajue kwamba Mkanda ni mlango mwembamba wenye mikoko pande zote, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na ndio njia ya ndani ya kwenda Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Maji yakikauka haupitiki. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne ya asubuhi ndiyo saa ya afisi, benki na kliniki. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ratiba ya boti ya wiki hii haifai wiki ijayo. Na maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kupwa, saa ya tatu na ya nne peke yake huondoka na nusu ya maji yote. Tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa mita 3, nahodha aliyecheleweshwa saa moja katikati ya kupwa, labda akimsubiri abiria mmoja tu aliyepiga simu kwamba yuko njiani, amepoteza sentimita 75 za kina.

Nahodha huyo ana njia tatu. Kungoja hadi alasiri na abiria juani; kujaribu bahati na kukwama kwenye tope; au kuzunguka nje kupitia Shela na upande wa bahari kuu, boti ile ile, mzigo ule ule. Kati ya Juni na Agosti, kusi ikiwa kali, njia hii ya tatu ndiyo hatari kuliko zote, nayo ndiyo abiria wenye haraka humshinikiza aifuate.

Kuna madhara mengine ya Mkanda ambayo hayazungumzwi. Injini ya nje hujipoza kwa kuvuta maji ya bahari. Boti ikisukumwa kwa nguvu kwenye maji ya kina cha goti, pampu hunyonya tope na mchanga. Mapezi yake ya mpira hulika, na mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini hupungua siku hadi siku. Injini haifi siku hiyo. Hufa wiki mbili baadaye, ikiwa imechemka, katikati ya mawimbi. Kwa hiyo injini iliyozimika nje ya Manda mara nyingi iliugulia ndani ya Mkanda. Nahodha mwangalifu huutazama mchirizi huo kabla ya kufungua kamba, hubadilisha mapezi ya pampu kabla hayajaisha, na huwa na injini ya akiba hata ndogo, pamoja na nanga yenye kamba ndefu. Boti isiyo na nanga, injini ikizimika, huelekea popote upepo unapoipeleka. Sheria ya kaunti iweke hili sharti la kupewa nafasi gatini: nanga, kamba isiyopungua mita 50, upondo (mti wa kusukumia chombo), ndoo mbili za kutolea maji, tochi, na petroli ya akiba isiyopungua theluthi moja ya safari.

Wengi hudai Mkanda uchimbwe, na sisi tunadai hivyo. Lakini tunawaomba wabunge wasianze kwa mtambo wa kuchimba, waanze kwa alama. Nguzo imara kwenye kila kona na kila fungu la mchanga, zenye utepe unaorudisha mwanga na taa za sola, nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia kwa chombo kinachoingia kutoka baharini, kama utaratibu wa kimataifa unaofuatwa nchini. Kwa kuwa Mkanda umefunguka pande zote mbili, lazima iamuliwe na itangazwe ni upande gani unaohesabiwa wa kuingilia, la sivyo nahodha mgeni ataisoma alama kinyume na kupanda fungu. Kwenye kila mdomo wa mlango usimikwe ubao wa vipimo unaoonyesha kina kilichopo wakati huo pale penye maji machache kuliko pote. Nahodha ausome, alinganishe na chombo chake, aamue kabla hajaingia. Alama na ubao ni kazi ndogo mno kando ya uchimbaji, na faida yake huonekana siku ile ile.

Uchimbaji wenyewe una mambo yake. Tope lililochimbwa lazima liwe na mahali pa kwenda; likimwagwa kando ya mlango, bamvua mbili tatu hulirudisha. Likimwagwa juu ya mizizi ya mikoko, mikoko hufa kwa kukosa hewa, kingo zikaporomoka, na mlango ukajaa upya kwa udongo wa kingo hizo. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, hatuwezi kuichezea. Tathmini ya athari kwa mazingira ni sharti chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Na baada ya kuchimba, vipimo vya kina vichukuliwe kila mwaka kusi ikiisha, na fungu la kusafisha liwemo katika kila bajeti. Mradi wa mara moja, wa kukatwa utepe na picha, utafukiwa na bahari.

Hapa ndipo wabunge na seneta wanapoingia. Alama za njia za baharini ni sehemu ya usafiri wa majini, ambao Katiba imeupa serikali kuu. Kaunti ikingoja tu, itangoja sana. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu ngazi mbili za serikali kukubaliana mmoja amfanyie mwenzake kazi, fedha zikifuata kazi. Tunaomba makubaliano hayo yaandikwe kwa ajili ya Mkanda, yawekwe sahihi, na nakala yake iwasilishwe katika bunge la kaunti. Serikali iliyoweza kuzindua gati la kwanza la Bandari ya Lamu Mei 20, 2021, kwa meli kubwa za makontena, haitashindwa na nguzo za Mkanda.

Kuhusu jaketi za kuokolea maisha, maneno yamekuwa mengi na vipimo vichache. Jaketi si jaketi tu. Ile ya nyutoni 50 (nyutoni ni kipimo cha nguvu yake ya kuelea) ni ya mtu ajuaye kuogelea, karibu na ufuo. Kwa abiria wa kawaida ndani ya visiwa inatakiwa ya nyutoni 100, na kwa njia ya nje ya Manda 150, yenye kola ya kuinua kichwa cha aliyezimia. Mtoto ana yake kwa uzito wake, na lazima iwe na mkanda wa kupita kati ya miguu. Bila huo jaketi hupanda juu na kichwa cha mtoto kikabaki chini. Mwanamke aivae juu ya buibui, mikanda ikiwa imekazwa. Akiivaa ndani haifikiki, na nguo pana iliyolowa humvuta chini. Zabuni ya kaunti ikiandika "jaketi 500" bila kutaja nyutoni, ukubwa, kipenga na utepe wa kung'aa, zitaletwa zilizo rahisi kuliko zote sokoni, na hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa.

Pia zipimwe. Funga chuma cha kilo 11 chini ya jaketi ya nyutoni 100, itumbukize, iache usiku na mchana. Ikizama, au ikishuka sana kuliko ilipoanza, povu lake limelewa maji na haifai. Kipimo hiki kifanywe mara mbili kwa mwaka pale pale gatini, watu wakitazama. Jaketi zioshwe kwa maji matamu na zianikwe kivulini, kwa kuwa jua huozesha kitambaa na nyuzi za mikanda kabla ya povu kuharibika. Na zisifungiwe chini ya omo, mbele ya chombo. Jaketi iliyo chini ya magunia ya unga ni shehena kama magunia yenyewe.

Kuna wasiwasi wa haki kwamba abiria hataki kuvaa kwa sababu ya joto, au kwa sababu jaketi inanuka na ina unyevu wa aliyetangulia. Ndiyo maana tunapendekeza hazina ya jaketi za gati: abiria huipokea anapopanda, hukabidhi anaposhuka upande wa pili, na boti inayorudi hurudisha za ziada. Kila gati na rangi yake na nambari, ili ijulikane zilikopotelea. Kwa gati lenye shughuli kama la Amu, jaketi 150 za watu wazima na 50 za watoto ni kianzio cha kuridhisha. Kwa Mtangawanda, Faza na Kizingitini, 60 na 25. Idadi hizi ni pendekezo letu, na kamati ya uchukuzi ikihesabu abiria kwa wiki mbili tu itapata zilizo sahihi zaidi.

Orodha ya abiria ni karatasi, lakini karatasi hii huamua kama uokoaji utasimama mapema mno au la. Boti ikipinduka na hakuna ajuaye ilibeba wangapi, waokoaji hawajui kama wanamtafuta mtu mmoja au kumi. Daftari liwe la nakala mbili: jina, nambari ya simu ya jamaa aliye nchi kavu, anakoshuka. Watoto waliopakatwa waandikwe. Hao ndio husahauliwa kila mara. Nakala moja ibaki kwa karani kabla kamba haijafunguliwa, si kupigiwa simu baadaye. Abiria anayeokotwa njiani, Manda au Matondoni, jina lake litumwe kwa ujumbe gatini. Boti ikichelewa saa moja kupita muda wake, karani asimsubiri mtu amwambie la kufanya: apige simu kwa Walinzi wa Pwani na kituo cha Mombasa, ataje idadi, rangi ya boti, saa ya kuondoka na njia. Simu za mkononi hukatika nje ya visiwa, kwa hiyo boti za njia ya nje ziwe na redio ya baharini ya VHF, chaneli 16 ya dharura. Redio ya mkononi hufika kadiri mwanga unavyofika, yaani maili chache za baharini kutoka boti hadi boti. Mlingoti wa antena wa mita 30 upande wa Faza utaipa masafa yenye maana.

Magati yenyewe. Makosa yanayorudiwa ni matatu. Gati fupi, ambalo maji yakipwa hubaki juu ya tope na abiria akateremka maji ya magoti na mzigo kichwani. Gati la urefu mmoja, ambapo maji yakijaa boti husimama sawa nalo na yakipwa iko mita 3 chini, na mama mjamzito anashuka ngazi yenye utelezi. Na zege lililochanganywa kwa mchanga wa pwani, ambao chumvi yake hula nondo kutoka ndani hadi zege likapasuka. Nondo za gati zifunikwe na zege la milimita 50 hadi 75 mahali maji yanaporuka, mchanga uoshwe au uletwe kutoka bara, na hilo liandikwe kwenye mkataba. Penye abiria wengi, gati linaloelea ndilo jibu: jukwaa linalopanda na kushuka pamoja na maji, limeshikwa na nguzo, na daraja la chuma linalokunjika. Urefu wa daraja hilo ndio siri. Kwa tofauti ya maji ya mita 3.5, daraja la mita 10 huwa mwinuko wa ngazi. La mita 20 hushuka mita moja kwa kila sita hivi, na kitanda cha mgonjwa kikapita, watu wawili wakikishika.

Mgonjwa tumemtaja. Huduma za ambulensi nazo ni kazi ya kaunti, Jedwali hilo hilo, nambari 2. Boti ya wagonjwa hununuliwa kwa fungu la maendeleo, petroli na mshahara wa nahodha hutoka fungu la matumizi ya kawaida. La pili likisahauliwa, boti hulala ufuoni ikiwa mpya. Madiwani wanapoidhinisha boti yoyote, wadai kuona mstari wa petroli na wa manahodha wa zamu ya usiku katika ukurasa mwingine wa bajeti. Usipokuwepo, wasiidhinishe.

Twende kwenye njia ya kisheria, kwa kuwa ombi lisilo na njia huishia kwenye faili. Diwani yeyote au kamati yoyote yaweza kuwasilisha mswada. Ukigusa fedha, lazima upitie kamati ya fedha. Ukipita, gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha. Sheria huchapishwa katika gazeti rasmi la kaunti na la Kenya, na siku ya 14 baada ya hapo huanza kazi, isipokuwa yenyewe imesema vinginevyo. Ada ya gati haitozwi bila sheria; hilo limo katika kifungu cha 210 cha Katiba. Tunapendekeza ada iende katika mfuko maalum unaoruhusiwa na kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, ili shilingi ya msafiri itengeneze taa na jaketi badala ya kumezwa na mapato mengine.

Kalenda ya bajeti haimngoji mtu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa sera ya fedha hufika kufikia Februari 28, nao ndio hupanga kila idara ipate kiasi gani. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30, na mwaka mpya huanza Julai 1. Wananchi wengi huja Mei, wakati wa mikutano ya maoni, wakiomba gati. Mei ni kuchelewa: diwani akitaka kuongeza fungu moja lazima apunguze jingine, tena bila kukiuka waraka wa Februari. Gati lisilokuwamo Septemba na Februari, Mei huombwa kwa machozi tu. Na kisheria asilimia 30 angalau ya bajeti, kwa wastani wa miaka, ni ya maendeleo. Nafasi ipo.

Kwa wananchi wenzetu: kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria. Ombi liwe kwa maandishi, Kiswahili chatosha. Litaje ni afisi zipi zimeshaendewa na zimejibu nini, lieleze kama suala liko mahakamani, na limalizie kwa kusema waziwazi kinachotakiwa. Majina, nambari za vitambulisho na sahihi au dole gumba viandikwe juu ya karatasi yenyewe ya ombi, visibandikwe, na kila ukurasa uwe na kichwa cha suala. Yanayoangusha maombi mengi ni kurasa za sahihi zisizosema ni za nini. Peleka nakala mbili kwa karani wa bunge, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Nao madiwani wakiitisha mikutano ya maoni kuhusu mswada huu, wasiifanye Amu peke yake. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya bamvua, maana yake mtu wa Siyu aondoke alfajiri na asirudi hadi Mkanda ujae tena alasiri. Ifanyike Faza, Siyu, Kizingitini na Kiunga, itazamwe kalenda ya maji kabla ya kalenda ya ukutani, na mswada usambazwe kwa Kiswahili wiki mbili kabla. Manahodha na mabaharia waitwe kwa jina la kazi yao. Wao ndio watakaoibeba sheria hii kila siku, na faini zisizozingatia mapato yao zitaifanya ichukiwe kabla haijaanza. Mwaka wa kwanza uwe wa alama za mzigo, jaketi na daftari, adhabu ikiwa ni kutoruhusiwa kuondoka tu. Faini zifuate mwaka wa pili.

Rasimu ya vipengele hivi tumeiandika, pamoja na orodha ya magati na kasoro ya kila moja maji yakiwa yamepwa. Tutaikabidhi kwa karani wa bunge la kaunti pamoja na ombi letu, mapema kabla ya mpango wa mwaka kufungwa. Tunachohitaji ni diwani mmoja wa kusimama na kuuwasilisha mswada, na mwingine wa kumuunga mkono.

Wakazi wa Amu, Pate na Mokowe,
Kaunti ya Lamu